Baraza la Michezo ya Kale: Jinsi Programu za Katalogi Zinavyopanga na Kuanzisha Michezo ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, masoko mengi ya Afrika yalipokea mashine ndogo za michezo zilizoiga mashine ya Kijapani iitwayo Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa mwaka 1983. Mashine hizo ziliunganishwa na televisheni, na michezo yake ilikaa ndani ya vikasha vya plastiki ambavyo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi jirani na Kifaransa, kama wale wa Goma, huviita kaseti. Juu ya kaseti nyingi paliandikwa kwamba ndani yake mna michezo 9,999. Mtoto aliyewasha mashine alikuta orodha ndefu kwelikweli. Akashuka ukurasa baada ya ukurasa, na mwishowe akagundua kwamba michezo ilikuwa ile ile michache, imerudiwa tena na tena chini ya namba mpya na majina mapya.

Orodha ile ilikuwa katalogi, nayo ilikuwa katalogi ya uongo. Mchezo wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika maneno yaliyouorodhesha. Tofauti hii kati ya kitu na kitomeo chake ndiyo msingi wa makala haya. Yanakusudia kueleza namna programu za kisasa zinavyopanga na kuanzisha michezo ya kale, na kuonyesha kwamba thamani ya programu hizo hutegemea zaidi ukweli wa maneno yaliyomo kuliko nguvu ya mashine. Kama hivyo ndivyo, basi jambo hili si la mafundi peke yao. Linawahusu pia wanaojishughulisha na lugha.

2.0 Vitu vitatu visivyopaswa kuchanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku, neno moja tu, mchezo, hutumika kwa vitu vitatu vilivyo mbalimbali. Ni lazima kuvitenganisha kabla ya kuendelea.

Kitu cha kwanza ni romu, yaani faili iliyobeba nakala ya yale yaliyokuwa ndani ya kaseti au diski. Romu za zamani ni ndogo mno. Mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 una kilobaiti 40 tu, ilhali diski moja ya PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwezi wa Desemba 1994, huweza kubeba zaidi ya megabaiti 600. Romu peke yake haichezeki, kama vile maandishi ya lugha ngeni yasivyoeleweka kwa asiyeijua lugha hiyo.

Kitu cha pili ni kiigizi. Hii ni programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye mashine ya zamani. Kichakato cha mashine ya Nintendo kilifuata mapigo yapatayo milioni 1.79 kwa sekunde, na kilielewa amri za aina yake peke yake. Kiigizi husoma amri hizo moja baada ya nyingine, na kuzitekeleza kwa njia ambayo kompyuta mpya inaielewa. Kazi yake ni kazi ya mkalimani anayekaa kati ya wasemaji wawili na kufasiri sentensi kwa sentensi, wakati ule ule zinaposemwa. Mfano mashuhuri ni MAME, programu iliyoanzishwa na Mwitalia Nicola Salmoria mwezi wa Februari 1997 ili kuhifadhi michezo ya mashine kubwa za kumbi za burudani, kama vile Pac-Man (1980) na Donkey Kong (1981).

Kitu cha tatu ndicho kinachoshughulikiwa na makala haya. Mtu akiwa na romu 500 za mashine 10 mbalimbali, kila mashine ikihitaji kiigizi chake, na kila kiigizi kikiwa na dirisha lake, amri zake na mipangilio yake, atatumia muda mwingi zaidi kutafuta kuliko kucheza. Ndiyo sababu pakatungwa programu ya kukaa mbele ya vyote: kuorodhesha michezo, kuonyesha picha na maelezo yake, kupokea uchaguzi wa mtumiaji, kisha kukiita kiigizi kinachofaa bila ya mtumiaji kujua kilichotokea nyuma. Miongoni mwa programu za namna hii ni EmulationStation, LaunchBox, na Recalbox iliyozaliwa Ufaransa. RetroArch nayo, iliyopata jina hilo mwaka 2012, huunganisha kazi mbili: ina orodha yake, na papo hapo huvibeba viigizi ndani yake kama vipande vinavyoitwa viini.

3.0 Suala la jina

Kitu cha tatu hakina jina lililokubalika katika Kiswahili. Neno kiolesura, ambalo limekwisha zoeleka katika istilahi za kompyuta, lina maana pana mno: kila programu ina kiolesura chake, hata kiigizi chenyewe. Kusema "programu ya mbele" ni kufasiri neno la kigeni bila ya kumpa msomaji picha yoyote.

Inapendekezwa hapa kutumia jina la programu ya baraza. Katika nyumba ya Waswahili, baraza ni mahali pa mbele ambapo mgeni hupokewa, huketishwa na kuulizwa haja yake kabla ya kuingizwa ndani au kuitiwa mtu anayemtafuta. Programu inayozungumziwa hufanya hivyo hivyo. Aidha, neno hili lina historia ya pekee katika Kongo. Lilipokewa na Kifaransa cha huko kwa umbo la barza, likiwa na maana ya veranda, na katika Kivu ya Kaskazini limejulikana pia kwa sababu ya Barza Intercommunautaire, chombo cha upatanishi kati ya jamii za mkoa huo. Hivyo basi, mwanafunzi wa Goma na mwanafunzi wa Zanzibar wanaweza kulipokea neno hili bila ya mmoja wao kuhisi kwamba ameazima la mwenzake.

4.0 Namna programu ya baraza inavyofanya kazi

4.1 Kutambua

Hatua ya kwanza ni kujua kila faili ni mchezo gani. Njia nyepesi ni kusoma jina la faili, lakini jina linaweza kudanganya, kama kaseti za michezo 9,999 zilivyoonyesha. Kwa hiyo baadhi ya programu, RetroArch ikiwemo, hutazama yaliyomo. Baiti zote za faili hupitishwa katika hesabu maalumu iitwayo CRC32, ambayo hutoa namba moja inayoandikwa kwa tarakimu 8 za mfumo wa kumi na sita. Namba hiyo hulinganishwa na hazina ya namba zinazojulikana. Zikilingana, mchezo umetambuliwa, hata kama mwenye faili aliuita kwa jina la paka wake. Faili mbili zilizo sawa kabisa hutoa namba moja, hata zikipewa majina 20. Na ikibadilika biti moja tu ndani ya faili, namba nayo hubadilika. Kwa diski za PlayStation hutazamwa namba ya toleo iliyoandikwa ndani ya diski yenyewe.

4.2 Kueleza

Hatua ya pili ni kuandika kitomeo. Katika EmulationStation, vitomeo vya kila mashine hukaa katika faili moja ya maandishi iitwayo gamelist.xml. Kila mchezo hupewa mahali faili yake ilipo, jina, maelezo mafupi, picha, tarehe ya kutoka, kampuni iliyoutengeneza, kampuni iliyouchapisha, aina ya mchezo na idadi ya wachezaji. Mwanaleksikografia ataona mara moja kwamba huu ni muundo anaoufahamu: kuna kidahizo, kuna maana, kuna taarifa za ziada, na vyote vimewekwa kwa utaratibu mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Taarifa hizo huweza kujazwa na programu nyingine inayozichukua katika hazina za intaneti, kwa mfano ScreenScraper, ambayo hutoa maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa miongoni mwa lugha nyingine. Lakini jambo la kuzingatia ni kwamba faili yenyewe ni maandishi matupu. Hufunguliwa kwa kihariri chochote, na yeyote ajuaye kusoma na kuandika anaweza kuirekebisha bila ya kuwa mtunga programu.

4.3 Kuanzisha

Hatua ya tatu huonekana kama mwujiza, kumbe ni sarufi. Katika faili ya mipangilio ya EmulationStation, kila mashine hupewa jina, mahali romu zake zilipo, viambishi tamati vya faili zake, na amri moja ya mfano. Ndani ya amri hiyo mna nafasi tupu inayoshikiliwa na alama %ROM%. Mtumiaji akichagua mchezo, programu huitoa alama hiyo na kutia mahali pake anwani ya faili iliyochaguliwa, kisha huikabidhi amri nzima kwa kompyuta. Mwanaisimu amekwisha fundisha jambo hili darasani mara nyingi: sentensi kiunzi yenye nafasi moja, na orodha ya maneno yanayoweza kukaa katika nafasi hiyo. Mchezo ukikataa kuanza, mara nyingi kosa huwa katika mojawapo ya mambo matatu: kiunzi kimeandikwa vibaya, neno lililotiwa si la aina inayokubalika mahali pale, au kitu kinachotajwa hakipo tena mahali kilipotajwa.

5.0 Masuala ya lugha

5.1 Kitu kimoja, majina mengi

Michezo mingi ina visawe. Ule ambao Wajapani waliuita Rockman mwaka 1987 ulijulikana kwingineko kama Mega Man. Biohazard ya mwaka 1996 ndiyo Resident Evil. Na mchezo wa mpira wa Konami ulioitwa Winning Eleven nchini Japani uliuzwa Ulaya kwa jina la Pro Evolution Soccer tangu mwaka 2001. Katalogi isiyo na rejeleo kutoka jina moja hadi jingine humfanya mtumiaji aamini kwamba ana michezo miwili, au kwamba hana ule anaoutafuta. Dawa yake ni ile ile itumikayo katika kamusi: kuchagua kidahizo kimoja, na kuyataja majina mengine ndani ya maelezo.

5.2 Mpangilio wa alfabeti

Programu ya baraza hupanga vitu kwa herufi ya kwanza. Tuseme aina za michezo zimeandikwa kwa Kiswahili hivi: mchezo wa mbio, mchezo wa mapigano, mchezo wa mafumbo, mchezo wa mpira. Zote zitaanza kwa neno moja, na mpangilio utapoteza nusu ya faida yake, kwani jicho litalazimika kuruka neno la kwanza kila mara. Tatizo hili ni dogo la tatizo kubwa linalowakabili watunga kamusi za Kibantu, yaani kama nomino ipangwe kwa kiambishi au kwa shina lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) hupanga nomino pamoja na viambishi vyake, na wasomaji wamezoea. Katika katalogi ya michezo suluhisho ni rahisi zaidi: neno mchezo liachwe, na paandikwe Mafumbo, Mapigano, Mbio, Mpira. Hata hivyo, vidahizo vyote hivyo vinne vinabaki chini ya herufi M, na aongezaye aina mpya hana budi kulikumbuka jambo hilo.

5.3 Kiswahili kipi?

Mtu anayeketi kuandika vitomeo huko Goma hukutana na swali ambalo mwenzake wa Dar es Salaam hakutani nalo kwa namna ile ile. Istilahi za michezo zimeingia Afrika ya Mashariki kupitia Kiingereza, na Kongo kupitia Kifaransa. Tanzania na Kenya husikika gemu na kompyuta. Goma husikika manette kwa kile kishikwacho mkononi, na ordinateur kwa kompyuta. Kuandika kidhibiti ni kuandika kwa usanifu, lakini mtoto asiyewahi kulisikia neno hilo atasimama. Kuandika maneti ni kueleweka Goma, na kutoeleweka Tanga.

Haifai kuiita hali hii uchafu wa lugha. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya Februari 2006 inaitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba (Tshiluba), huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kitomeo kinaweza kutumia neno sanifu na kuliambatanisha na neno la mahali mara ya kwanza linapotokea: "kidhibiti, yaani maneti". Msomaji wa Goma hujifunza la kwanza kwa msaada wa la pili, na wa Tanga hujifunza la pili kwa msaada wa la kwanza. Mfano wa kazi kubwa zaidi ya namna hii upo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Kazi ile ilihitaji mradi, wataalamu na faharasa ya istilahi. Katalogi ya michezo huhitaji mtu mmoja, kihariri cha maandishi na saa chache za jioni.

6.0 Katalogi inayobebeka

Goma ni mji unaojua maana ya kuondoka ghafla. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani Kivu, ikateketeza sehemu kubwa ya kitovu cha biashara. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye wakazi wa mitaa mingi waliamriwa kuhama. Katika hali kama hizo mtu huchukua watoto, karatasi za serikali, na kile kinachoingia mfukoni.

Makusanyo ya michezo huweza kuingia mfukoni. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba maelfu ya romu za Nintendo, au diski zipatazo 50 za PlayStation. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, hutumia umeme wa volti 5, sawa na ule wa kuchajia simu. Televisheni pekee ndiyo hungoja umeme wa mji. Lakini kubebeka kwa kadi si kubebeka kwa katalogi. Kitomeo kikisema kwamba mchezo umo katika anwani kamili ya kompyuta fulani, basi kadi ikichomekwa katika kompyuta nyingine, orodha yote itaonekana na hakuna mchezo utakaoanza. Hili ni kosa la tatu lililotajwa katika sehemu ya 4.3. Kitomeo kikitaja anwani kuanzia pale katalogi yenyewe ilipo, yaani anwani inayoanza kwa nukta na mkwaju, basi kinahama pamoja na mali yake. EmulationStation huzikubali anwani za namna hiyo. RetroArch, ambayo kwa kawaida huandika anwani kamili, ina mpangilio wa kuzifanya orodha zake zihamishike, lakini ni lazima uwashwe kabla ya safari na si baada yake.

Inafaa kukumbuka kwamba romu iliyopotea kwa kawaida huwa na nakala nyingine mahali fulani ulimwenguni. Maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa na mtu mmoja huko Goma hayana nakala nyingine popote. Kwa hiyo faili ya maandishi, ambayo mara nyingi haifikii hata megabaiti moja, ndiyo ya kwanza kunakiliwa na kupelekwa kwa jamaa au rafiki aliye mji mwingine.

7.0 Suala la haki

Kiigizi na romu havina hukumu moja mbele ya sheria. Nchini Marekani, mahakama ya rufani iliamua mwaka 2000, katika kesi ya Sony na Connectix, kwamba kuchunguza programu ya ndani ya PlayStation ili kutunga kiigizi chake kulikuwa matumizi halali. Romu, kwa upande mwingine, ni kazi ya mtunzi, na umri wake hauiondolei ulinzi. Katika Kongo, haki za watunzi zinalindwa na amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Chuo kinachotaka kutumia programu hizi darasani kina njia safi: michezo mipya ambayo watunzi wa leo huitunga kwa ajili ya mashine za kale na kuitoa bure kwa ridhaa yao. Michezo hiyo hupangwa, huelezwa na kuanzishwa kwa taratibu zile zile.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba programu ya baraza haichezeshi mchezo wala haiigizi mashine. Kazi yake ni kuorodhesha, kueleza na kuita. Kati ya kazi hizo tatu, ya kwanza hufanywa kwa hesabu, ya tatu kwa kiunzi cha amri, na ya pili kwa maneno ya mwanadamu. Ni hiyo ya pili inayoamua kama orodha itamwongoza mtu au itampoteza, na ndiyo iliyoachwa wazi kwa kila lugha yenye mtu wa kuiandika. Kaseti ya michezo 9,999 iliandikwa na muuzaji aliyetaka namba kubwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika vitomeo 40, kila kimoja kikiwa cha kweli, atakuwa ametoa katalogi kubwa kuliko ile.